Uigaji wa gimba lililozama

Uigaji wa gimba lililozama ni kazi ya kukokotoa kwa kompyuta jinsi kitu kilichofunikwa na maji au giligili nyingine kinavyosogea pale ambapo hakuna kamba, mhimili wala mkono unaokishika. Gimba hilo linaweza kuwa nyambizi, roboti ya kupimia ziwa, boya lililovutwa chini kisha likaachiliwa, samaki, au kiboko anayetembea kwenye sakafu ya ziwa. Maji hulisukuma gimba, nalo gimba huyasukuma maji. Kompyuta inatakiwa kupata jibu linaloridhisha pande zote mbili katika kila hatua ya muda.

Uigaji wa namna hii hushindwa mara nyingi kuliko ule wa gimba lililofungwa mahali pamoja. Wakati mwingine programu husimama ghafla kwa sababu namba zimekuwa kubwa kupita kiasi. Wakati mwingine hufika mwisho bila tatizo lolote kuonekana, lakini jibu si la kweli: kitu kizito huelea, kitu chepesi huzama, au gimba lililotulia huanza kujigeuza lenyewe. Hitilafu ya aina ya pili ni hatari zaidi kwa sababu anayesoma matokeo anaweza kuyaamini. Makala hii inaeleza vyanzo vya hitilafu hizo na njia za kuvitambua.

## Misingi

Mwendo wa gimba hufuata sheria za Isaac Newton. Jumla ya kani zinazolisukuma huamua mchapuko wake kulingana na masi, na jumla ya momenti huamua jinsi linavyozunguka. Gimba huru lina njia sita za kusogea: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, pamoja na kuzunguka kwa kufuata kila mmoja wa mihimili hiyo mitatu.

Mwendo wa maji hufuata milinganyo ya Navier–Stokes, iliyopewa majina ya Claude-Louis Navier wa Ufaransa na George Gabriel Stokes, mzaliwa wa Ueire. Milinganyo hiyo inaweza kutatuliwa kwa kalamu katika hali chache rahisi tu. Kwa hali nyingine zote, nafasi yenye maji hugawanywa kuwa seli ndogo nyingi zinazounda wavu, na muda hugawanywa kuwa hatua fupi. Katika kila hatua kompyuta hufanya yafuatayo:

1. Hukokotoa kasi na kanieneo ya maji katika kila seli.
2. Hujumlisha kanieneo na msuguano wa maji juu ya uso wote wa gimba.
3. Hutumia jumla hiyo, pamoja na uzito, kupata mchapuko wa gimba.
4. Husogeza gimba hadi mahali pake papya.
5. Hurekebisha wavu ili uendane na mahali hapo, kisha huanza tena.

Kani zinazotawala mwendo ni uzito, kani ya kuelea, ukinzani wa maji, na athari inayoitwa masi ya nyongeza. Kani ya kuelea, kwa kanuni ya Archimedes, ni sawa na uzito wa maji yaliyoondolewa na gimba. Ukinzani hutegemea kasi, umbo na mnato wa maji.

## Masi ya nyongeza

Gimba linapoanza kusogea ndani ya maji, maji yaliyo jirani nalo hulazimika kuanza kusogea pia. Kwa hiyo kani inayolisukuma gimba inabidi iyasukume na maji hayo, na gimba huonekana kama limekuwa zito kuliko lilivyo. Mtu anayetikisa kiganja kilichofunguliwa ndani ya ndoo ya maji huuhisi uzito huo kila anapobadilisha mwelekeo.

Jambo hilo liligunduliwa kwa njia ya pendulamu. Pierre du Buat wa Ufaransa alilieleza mwaka 1786, na Friedrich Bessel wa Ujerumani alilikuta tena mwaka 1828 alipokuwa akipima bembea za pendulamu hewani na majini. Baadaye hesabu zilionyesha kwamba kwa tufe lililo mbali na kuta zote, masi ya nyongeza ni nusu ya masi ya maji yaliyoondolewa na tufe. Kwa silinda ndefu inayosogea kwa ubavu, ni sawa na masi yote ya maji yaliyoondolewa. Gimba likikaribia sakafu au ukuta, kiasi hicho huongezeka.

Katika hewa athari hii mara nyingi hupuuzwa, kwa sababu hewa ni nyepesi sana kuliko magimba mengi. Katika maji haiwezi kupuuzwa, na ndiyo chanzo cha hitilafu nyingi zinazoelezwa hapa chini.

## Mfano wa kiboko wa Ziwa Babati

Ziwa Babati liko kando ya mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara nchini Tanzania. Mji huo, ambao Nangara ni mojawapo ya kata zake, uko kwenye kimo cha takriban mita 1,350 juu ya usawa wa bahari. Ziwa ni la maji baridi na linajulikana kwa viboko wake.

Kiboko ni mfano mzuri wa gimba lililozama na lililo huru. Ingawa hutumia sehemu kubwa ya mchana majini, hasogei kama samaki wala mamba. Mwili wake ni mzito kidogo kuliko maji anayoyaondoa, hivyo hushuka hadi sakafuni, hukanyaga, hujisukuma na kuruka polepole kabla ya kushuka tena. Mwendo huo unafanana na wa mtu anayetembea mahali penye graviti ndogo.

Tuseme kiboko ana masi ya kilogramu 1,500 na ujazo wa mita za ujazo 1.45, na maji yana densiti ya kilogramu 1,000 kwa mita ya ujazo. Maji yaliyoondolewa ni kilogramu 1,450. Tofauti ni kilogramu 50 tu, na kwa graviti ya mita 9.78 kwa sekunde mraba, kani inayomvuta chini ni takriban nyutoni 489. Kama masi ya nyongeza ingepuuzwa, angeanza kushuka kwa mchapuko wa mita 0.33 kwa sekunde mraba. Ikikadiriwa kama ya tufe, yaani kilogramu 725, mchapuko ni nyutoni 489 zikigawanywa kwa kilogramu 2,225, sawa na mita 0.22 kwa sekunde mraba. Mwili wa kiboko si tufe, na hivyo thamani halisi hutegemea upande anaoelekea, lakini makadirio haya yanatosha kuonyesha kwamba theluthi moja ya mchapuko imepotea kwa sababu ya maji kusukumwa.

Mfano huu unaonyesha pia jinsi gimba lenye uzito unaokaribiana na wa maji lilivyo jepesi kuharibiwa na kosa dogo:

* Kama wavu umepunguza ujazo wa kiboko kwa asilimia 1, kani ya kuelea hupungua kwa takriban nyutoni 142. Kosa la asilimia 1 la ujazo limekuwa kosa la asilimia 29 la kani inayomshusha.
* Kama wavu umeongeza ujazo kwa asilimia 4, kiboko huacha kushuka na kuanza kupanda.
* Kama mtumiaji ameacha densiti ya maji ya bahari, takriban kilogramu 1,025 kwa mita ya ujazo, badala ya ile ya maji baridi, tofauti ya kilogramu 50 hushuka hadi kilogramu 14 hivi.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza la kukagua ni ujazo wa gimba kama unavyoonekana na kompyuta, si kama ulivyoandikwa kwenye mchoro. Uso wa mviringo unapochorwa kwa vipande bapa ambavyo pembe zake zinagusa uso halisi, ujazo hupungua siku zote, na gimba huelea kidogo kuliko inavyotakiwa.

## Hitilafu ya masi ya nyongeza

Hitilafu maarufu kuliko zote hutokea wakati gimba ni jepesi kuliko maji yanayoambatana nalo. Programu rahisi hukokotoa kani ya maji kwa kutumia mchapuko wa zamani wa gimba, kisha hutumia kani hiyo kupata mchapuko mpya. Njia hiyo hufaa kama masi ya gimba ni kubwa kuliko masi ya nyongeza. Kinyume chake, makosa hukua katika kila mzunguko wa hesabu.

Chukua boya la plastiki lenye ujazo wa lita 4 na masi ya kilogramu 0.2, lililoshikwa chini ya maji kisha likaachiliwa. Maji yaliyoondolewa ni kilogramu 4, na masi ya nyongeza ikikadiriwa kama ya tufe ni kilogramu 2. Kani inayolisukuma juu ni nyutoni 37.2. Jibu sahihi la mchapuko wa mwanzo ni 37.2 ikigawanywa kwa 2.2, yaani takriban mita 16.9 kwa sekunde mraba.

Programu inayoanza na mchapuko sifuri itagawanya nyutoni 37.2 kwa kilogramu 0.2 na kupata 186. Katika mzunguko wa pili itaona kwamba gimba lenye mchapuko huo linasukumwa nyuma na maji kwa nyutoni 372, na itapata −1,672. Katika mzunguko wa tatu itapata takriban 16,900. Kosa huzidishwa kwa 10 na kubadilisha alama kila mara, kwa sababu uwiano wa masi ya nyongeza na masi ya boya ni 10. Baada ya mizunguko michache programu husimama.

Kwa kiboko wa mfano uliotangulia, uwiano huo ni 725 kwa 1,500, yaani takriban 0.48. Kosa hupungua karibu nusu kila mzunguko, na hesabu hutulia. Ndiyo maana programu ileile, yenye mipangilio ileile, inaweza kufanya kazi vizuri kwa kiboko na kushindwa kabisa kwa boya.

Mtumiaji asiyejua chanzo hiki kwa kawaida hufupisha hatua ya muda. Katika uigaji wa maji yasiyobanika, kufanya hivyo hakuondoi tatizo. Mara nyingi hitilafu hutokea mapema zaidi. Tiba zinazofaa ni hizi:

* Kulegeza mchapuko. Badala ya kupokea mchapuko mpya wote, programu huchukua sehemu yake ndogo na kuichanganya na ule wa zamani, kisha hurudia hesabu ndani ya hatua ileile ya muda. Kwa boya la mfano, sehemu hiyo lazima iwe chini ya 2/11, yaani takriban 0.18. Ikiwa 0.1, majibu yanayofuatana ni 18.6, 16.7 na 16.9, hesabu imetulia kwa mizunguko mitatu.
* Kurudia hesabu ya maji na ya gimba kwa pamoja hadi kani na mchapuko visibadilike tena, badala ya kufanya kila moja mara moja tu.
* Kuhamisha masi ya nyongeza upande wa gimba. Makadirio ya masi hiyo huongezwa kwenye pande zote mbili za mlinganyo. Yakikaribia thamani halisi hesabu hutulia haraka, na jibu la mwisho halibadiliki.

Kulegeza kupita kiasi nako kuna hatari. Kama mchapuko umelegezwa sana na hesabu haikurudiwa vya kutosha ndani ya hatua moja, gimba litachelewa kuitikia kani, na mwendo utaonekana laini lakini wa uongo.

## Hitilafu nyingine za kawaida

### Kani ya kuelea kusahauliwa au kuhesabiwa mara mbili

Programu nyingi huondoa sehemu ya kanieneo inayotokana na kina cha maji ili hesabu iwe rahisi. Hapo kanieneo iliyobaki haina kani ya kuelea ndani yake, na kani hiyo inabidi irudishwe wakati wa kujumlisha. Isiporudishwa, gimba huanguka kana kwamba liko hewani. Ikirudishwa mahali ambapo tayari ipo, gimba huruka juu. Kosa hili hutambulika kwa kulishika gimba mahali pamoja ndani ya maji yaliyotulia na kusoma kani ya wima: inatakiwa kulingana na uzito wa maji yaliyoondolewa.

### Vipimo visivyolingana

Michoro ya mashine mara nyingi huwa kwa milimita, ilhali programu husoma mita. Gimba lenye urefu wa milimita 500 likisomwa kama mita 500, ujazo wake huwa mkubwa mara bilioni moja. Kosa jingine hutokea pale nusu tu ya gimba inapoigwa kwa sababu pande zake mbili zinafanana: maji hutoa nusu ya kani, lakini mtumiaji ameandika masi yote. Gimba hilo huonekana zito mara mbili.

### Kitovu cha masi na inesha ya mzunguko

Gimba lililozama kabisa hutulia likiwa wima kama kitovu cha kani ya kuelea kiko juu ya kitovu cha masi. Vikibadilishana nafasi, hata kwa milimita chache, gimba hupinduka. Kwa hiyo uigaji unaopinduka bila sababu unatakiwa kukaguliwa kwanza kwa nafasi ya vitovu hivyo viwili. Pia inesha ya mzunguko inatakiwa kukokotolewa kuhusiana na kitovu cha masi. Programu za kuchora hutoa wakati mwingine thamani zinazohusiana na nukta ya mwanzo wa mchoro, ambazo huwa kubwa mno.

Mwelekeo wa gimba ukielezwa kwa pembe tatu tu, hesabu hukwama gimba linapoinamisha pua yake kwa nyuzi 90. Kwa ajili hiyo programu nyingi hutumia kwaternioni, namba zenye sehemu nne zilizobuniwa na William Rowan Hamilton wa Ueire mwaka 1843.

Si kila kujigeuza ni kosa. Gimba refu linalokwenda mbele katika maji lina tabia halisi ya kutaka kugeuka ubavu. Max Munk alieleza momenti hiyo katika miaka ya 1920 alipochunguza vyombo vya angani vinavyoelea kwa gesi. Nyambizi na torpido hupewa mapezi nyuma ili kuizuia.

### Hatua ya muda na ukubwa wa seli

Mwaka 1928 Richard Courant, Kurt Friedrichs na Hans Lewy walionyesha uhusiano kati ya hatua ya muda na ukubwa wa seli. Namba ya Courant ni umbali ambao maji husafiri katika hatua moja, ukigawanywa kwa upana wa seli. Kwa njia nyingi za ukokotoaji namba hiyo inatakiwa kuwa chini ya 1. Maji yakienda mita 2 kwa sekunde katika seli za sentimita 1, hatua isizidi sekunde 0.005. Ikiwa gimba linasogea, kasi inayohesabiwa ni ya maji kuhusiana na wavu, na seli ndogo zilizo karibu na uso wa gimba ndizo zinazoamua.

### Wavu unaosogea

Kuna njia nne kuu za kusogeza gimba ndani ya wavu, na kila moja ina udhaifu wake:

* Wavu unaonyumbuka. Seli huvutwa na kubanwa gimba linaposogea. Mwendo ukiwa mrefu, baadhi ya seli hujipindua na kupata ujazo hasi, na programu husimama. Njia hii hufaa kwa mwendo mfupi.
* Wavu wote kusogea na gimba. Umbo la seli halibadiliki kamwe. Njia hii hufaa kwa gimba moja katika maji mapana, lakini si pale penye sakafu au ukuta wa karibu.
* Nyavu zinazopishana. Gimba lina wavu wake mdogo unaoelea ndani ya wavu mkubwa. Hitilafu hutokea mpakani kama seli za nyavu mbili zinatofautiana sana kwa ukubwa, au kama gimba limekaribia ukuta kiasi kwamba hakuna nafasi ya seli za kupokezana.
* Mpaka uliozamishwa. Wavu hausogei, gimba hupita juu yake na seli hubadilika kutoka maji kuwa gimba. Njia hii ilianzishwa na Charles Peskin mwaka 1972 kwa ajili ya kuchunguza mwendo wa damu moyoni. Udhaifu wake ni mitetemo ya kanieneo kila seli inapobadilika.

Kwa wavu wowote unaobadilika, programu inatakiwa kuhesabu ujazo uliofagiwa na kila uso wa seli. Isipofanya hivyo, maji huonekana kuzaliwa au kupotea mahali pasipo na chemchemi. Kipimo chake ni rahisi: wavu husogezwa ndani ya maji yaliyotulia, bila gimba, kasi yoyote itakayotokea ni kosa.

### Kuta zilizo karibu mno

Tufe linaloanguka polepole ndani ya giligili nzito huathiriwa na ukuta ulio mbali kuliko inavyodhaniwa. Katika bomba lenye kipenyo mara 10 ya tufe, kasi hupungua kwa takriban asilimia 21 ikilinganishwa na giligili isiyo na mipaka. Uigaji unaotofautiana na kanuni kwa kiasi hicho huenda hauna kosa jingine zaidi ya nafasi finyu.

### Kuachiliwa ghafla

Maji yakiwa bado hayajatulia katika hesabu, kanieneo ya hatua za kwanza si ya kweli. Gimba likiachiliwa wakati huo hupigwa teke ambalo halipo. Ni afadhali kulishika gimba kwa hatua kadhaa hadi kanieneo itulie, ndipo liachiliwe.

## Utaratibu wa kutafuta kosa

Kubadilisha mipangilio mingi kwa wakati mmoja huficha chanzo. Njia inayofaa ni kuanza na hali rahisi yenye jibu linalojulikana, kisha kuongeza ugumu hatua kwa hatua:

1. Ukaguzi wa vipimo. Ujazo, masi, kitovu cha masi na inesha hulinganishwa na hesabu ya mkono.
2. Gimba lililoshikwa, maji yaliyotulia. Kani ya wima ilingane na kanuni ya Archimedes, na kani za ubavuni ziwe karibu sifuri.
3. Gimba lililoshikwa, maji yanayopita. Ukinzani ulinganishwe na vipimo vinavyojulikana vya tufe au silinda.
4. Gimba linalosogezwa kwa mwendo uliopangwa. Likitikiswa mbele na nyuma, kani inayoendana na mchapuko hutoa masi ya nyongeza. Kwa tufe iwe nusu ya maji yaliyoondolewa.
5. Gimba huru kwa njia moja tu, kwa mfano juu na chini.
6. Gimba huru kwa njia zote sita.

Kwa hatua ya tano kuna jaribio la zamani linaloweza kufanywa hata katika maabara ya shule. Stokes alionyesha kwamba tufe dogo linaloshuka polepole hufikia kasi isiyobadilika, ambayo hutegemea mraba wa nusu kipenyo chake. Gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 2 ndani ya gliserini yenye mnato wa paskali-sekunde 1.4 hushuka kwa takriban sentimita 1 kwa sekunde. Uigaji ukishindwa kutoa jibu hilo, hauwezi kuaminiwa kwa nyambizi.

Hatimaye hesabu hurudiwa kwa seli ndogo zaidi na hatua fupi zaidi. Jibu linalobadilika kila wavu unapobadilika bado si jibu.

## Mtetemo wa kweli na mtetemo wa hesabu

Maji yanayopita nyuma ya gimba huachia vimbunga vidogo kwa zamu, upande huu na upande ule, na gimba huru huyumba kweli. Kwa silinda katika hali nyingi, idadi ya vimbunga vya upande mmoja kwa sekunde ni takriban 0.2 ikizidishwa kwa kasi na kugawanywa kwa kipenyo. Silinda yenye kipenyo cha sentimita 10 katika mkondo wa mita 1 kwa sekunde huyumba karibu mara 2 kwa sekunde.

Tofauti yake na mtetemo wa hesabu ni kwamba mtetemo wa kweli hubaki na kasi ileile hatua ya muda ikifupishwa. Mtetemo wa hesabu hubadilika pamoja na hatua, na mara nyingi hugeuka alama kila hatua moja. Kuzima mtetemo wa kweli kwa kuongeza mnato wa bandia ni kosa, hata kama mchoro wa matokeo utapendeza zaidi.

## Hewa iliyonaswa

Gimba lenye hewa ndani yake haliwezi kuigwa kama kipande kigumu chenye kani ya kuelea isiyobadilika. Hewa hubanwa na kina. Kwa kimo cha Babati, ambapo kanieneo ya angahewa ni ndogo kuliko pwani, hewa iliyo wazi kwa maji hubanwa hadi nusu ya ujazo wake kwenye kina cha karibu mita 9. Baharini ni karibu mita 10. Kadiri gimba linavyoshuka ndivyo linavyopoteza kani ya kuelea na kushuka kwa haraka zaidi.

Afrika Mashariki imeshuhudia uzito wa jambo hili. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza. Mamia ya watu walifariki. Baada ya kupinduka, meli iliendelea kuelea kwa muda ikishikiliwa na hewa iliyonaswa ndani yake, huku baadhi ya watu wakiwa bado hai humo. Ganda lilipotobolewa ili kuwafikia, hewa ilitoka na meli ikazama.

Uigaji unaopuuza hewa iliyonaswa ungeonyesha meli ya namna hiyo ikielea vilevile kabla na baada ya kutobolewa. Kwa kazi kama hiyo hewa inatakiwa kuhesabiwa kama giligili ya pili inayobanika, yenye njia zake za kutokea, na masi ya gimba ibadilike kadiri maji yanavyoingia. Ndiyo maana wahandisi wa usalama wa vyombo vya majini hutakiwa kueleza pamoja na matokeo yao mambo waliyoyaacha nje ya hesabu.

## Tazama pia

* Kanuni ya Archimedes
* Kiboko
* Mnato
* MV Bukoba
* Nyambizi
* Ziwa Babati